Mkono wa Mzee Ombui Dirishani

Sikuiba. Niliazima! Kuazima na kuiba si kitu moja, hata ukipeleka hiyo maneno kortini utaambiwa hivyo, kwa hivyo Nyabuto keti hapo kwa hiyo kiti na uache kunikatiza, maana wewe umeletwa kufundisha hii shule muhula huu tu na tayari umebebeshwa uvumi huko stafrumu, ati Moraa karani aliiba mashine ya hospitali akaificha ndani ya sweta akashikwa mbele ya umati. Sehemu ya sweta ni kweli. Ya umati pia ni kweli. (Na kushikwa, sawa, nilishikwa, lakini si na mtu, nilishikwa na mashine yenyewe, na hiyo ndiyo aibu ambayo mpaka leo nikipita soko ya Ikonge kuna mama mmoja muuza ndizi akiniona hufinya mkono wake juu ya kiwiko akisema "vuuuu" halafu anaegemea mkungu wa ndizi akicheka mpaka machozi.) Lakini ya wizi siikubali. Na kwa sababu umesema mbele ya watu kwamba hiyo hadithi haiwezekani bila mtu kuwa mwizi, leo nitakuambia yote, na nitaandika pia, ndio mwingine akikuja na maneno yake nimpe karatasi asome aniache nifanye kazi.

Lazima nianze na Mzee Ombui, kwa sababu bila yeye hakuna kitu.

Mzee Ombui alikuwa mpishi wa hii shule tangu kabla mimi sijazaliwa. Hukumkuta, pole yako. Mtu mrefu, mkimya, Msabato wa kweli kweli, kofia ya sufi kichwani hata jua likiwa kali, na mwiko wake mmoja mrefu kama jembe ambao hakuna mtu mwingine alikuwa anaruhusiwa kushika. Mimi nilisoma hapa hapa. Kidato cha kwanza mambo ya kwetu yalikuwa yameharibika, jina langu halikuwa kwa orodha ya chakula cha mchana, na saa ya kengele wenzangu wakikimbilia jikoni mimi nilikuwa naenda nyuma ya maabara na kitabu, nasoma ukurasa mmoja wiki nzima. Nilidhani hakuna mtu anaona. Siku moja nikasikia mwiko unagongwa kwa lile dirisha dogo la kugawia chakula, ko ko ko, na sauti: "Wewe msichana wa kusoma! Kuna sufuria hapa inataka mtu wa kuikwangua." Nikaenda. Sufuria ya kukwanguliwa ilikuwa na sahani nzima ya githeri, na parachichi juu. Kesho yake ko ko ko, sufuria tena. Hivyo miaka minne, Nyabuto. Miaka minne nilikwangua sufuria ambazo hazikuwa na kitu cha kukwangua, mkono wake unatoka kwa lile dirisha na sahani, wangu unapokea, na hakuwahi kuniuliza swali hata moja wala kuambia mtu.

Sasa wewe niambie, mtu kama huyo unaweza kuacha afe?

Basi nilimaliza shule, chuo sikuenda, kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa saiba moja hapo Ikonge nikiangalia watu wanavyofanya juu ya mabega yao (wengine walinifukuza), na shule ikanichukua karani. Nikarudi nikakuta Mzee bado ako jikoni, na siku ya kwanza nikiwa na sketi ya ofisi na faili zangu nasikia ko ko ko. "Karani, sufuria." Nililia ndani ya hiyo ofisi mpaka nikalowesha barua ya mzazi.

Haya. Siku yenyewe.

Ilikuja barua kwamba kutakuwa na siku ya afya kwa walimu, watu wa hospitali watakuja hapa shuleni kupima presha, sukari, uzito, mzunguko wa kiuno, na pia kuna mtu wa kuongea nao juu ya msongo wa mawazo, maana wakati huo walimu walikuwa wanaanguka ovyo, mmoja wa shule jirani alikuwa ameanguka na chaki mkononi akifundisha. Kitu kizuri. Nikasoma hiyo barua mara mbili, nikaona neno walimu, walimu, walimu. Nikaingia ofisi ya madam prinsipali bila kubisha na kumkuta na deputi, Mwalimu Onchari, nikauliza, na mpishi? Na walinzi? Na mama wa kufagia? Na mimi?

Deputi akasema, bila hata kuinua macho kwa chai yake, "Hiyo ni ya walimu, Moraa. Hao wengine ni watu wa bodi, wameajiriwa na shule tu."

"Kwani watu wa bodi damu yao ni chai?"

"Moraa, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mwalimu akianguka darasani mnaita gari, mpishi akianguka ndani ya moto mtaita nini, mtaita chumvi?"

(Mimi nikikasirika sijui maneno yanatoka wapi. Chumvi ilitoka wapi, sijui mpaka leo.)

Madam alikuwa mtu mzuri, alichoka na mimi haraka. Akasema, "Haya, waandike wote. Lakini umenipigia kelele ndani ya ofisi yangu, kwa hivyo siku hiyo asikose hata mmoja. Akikosa mtu, nitakuuliza wewe." Nikaapa. Nikaenda kwa kompyuta nikaandika orodha ya wafanyakazi, na namba moja, kwa herufi kubwa, nikaweka Ombui.

Si heshima tu. Kulikuwa na kitu mimi peke yangu nilikuwa nimeona. Muhula huo wote Mzee akiinama kuongeza kuni, akiinuka alikuwa anashika ukuta kwanza, anafunga macho, anahesabu kitu kimoyomoyo ndio anaendelea. Ukimuuliza anasema ni moshi. Na alikuwa anafunga kichwa na leso chini ya ile kofia. Moshi gani unafungiwa kichwa? Nilijua huyu mzee ni mgonjwa, na nilijua hataenda hospitali kwa miguu yake, kwa hivyo hospitali ikija mpaka mlangoni kwake lazima apimwe, hata kama nitambeba.

Alhamisi ikafika. Tenti mbili uwanjani, viti vya kanisa, spika kubwa, wazazi wa kamati, hata watu wa soko walikuja kuangalia. Mzee amepika kuku na obokima, ugali wetu, tangu alfajiri, harufu imefika barabarani. Gari la hospitali likaingia na watu wawili wakashuka. Mmoja kijana wa kuongea na walimu juu ya mawazo. Mwingine muuguzi, mama mrembo, mnono kidogo, na sare yake nyeupe, ndiye wa kupima kila kitu. Sista Kerubo.

Mzee akachungulia kwa dirisha lake. Akafunga. Paa!

Nikakimbia jikoni. "Mzee, njoo basi, wewe ndiye wa kwanza."

"Toa jina langu."

"Kwa nini?"

"Moraa. Toa."

"Mzee, mimi nilipigana na deputi kwa sababu yako!"

Akaangalia chini akasema polepole, "Huyo ni mke wa Evans."

Nyabuto, wewe ni mtu wa huku, hapo umeshaelewa, lakini naandika kwa wa nje pia. Evans ni mtoto wake. Kwetu sisi baba mkwe na mke wa mtoto wake wanaheshimiana kwa umbali, hawashikani mkono, mzee haingii nyumba ya mtoto wake, hata kukaa karibu karibu ni shida. Tunaita chinsoni, na si sheria ya mtu kuvunja kwa sababu ana haraka. Sasa huyu mzee wa kanisa aende mbele ya watu, avue shati, mke wa Evans amfunge kitambaa mkononi, halafu amzungushie futi ya kupima kiuno? Heri angekufa. Na ndicho kitu nilikuwa naogopa, kwamba atakufa.

"Kuna yule kijana," nikasema.

"Huyo anaongea tu. Na hata angepima, si watakuwa tenti moja, na yeye ananiona kifua wazi?"

"Basi nimwambie Sista mimi, atajua la kufanya."

"Yaya!" (Hiyo ni hapana, na nilikuwa sijawahi kumsikia akiinua sauti.) "Usiseme kwa mtu. Ukisema, itakuwa nimemkataa mbele ya watu, na yeye hana kosa. Sema nina kazi ya kupika."

Akainama kusukuma kuni, akainuka, akashika ukuta. Safari hii hakuhesabu. Alisimama tu hapo, midomo imekuwa majivu.

Hapo ndipo niliamua kile kitu kidogo. Kidogo kabisa, naapa. Nilikuwa nimeona kwa meza ya Sista kuna mashine mbili za presha, moja anatumia, nyingine imekaa kwa boksi yake haina kazi. Na mimi mashine yoyote nikikaa nayo dakika tano naijua, kompyuta si nilijifunza hivyo? Ningeichukua, nimpime Mzee haraka haraka, nijue kama ni moshi ama si moshi, nirudishe kabla Sista hajageuka. Nikaenda mezani na boksi faili yangu ya ofisi kama mtu wa kazi, nikauliza kama orodha iko sawa, akasema iko sawa mdogo wangu asante, akageukia mkono wa mwalimu wa Kemia, na mashine ikaingia ndani ya faili. Hakuna aliyeniona. (Najua, najua, inasikika vile mwizi angesema. Nyamaza.)

Mzee alikubali kwa shingo upande. Lakini hata mimi ni kama mtoto wake, hakutaka nimuone bila shati, kwa hivyo alikaa ndani kwa debe lake la kukalia, akafungua lile dirisha la chakula, na kutoa mkono mmoja nje. Mkono tu. Mimi niko nje upande wa nyuma, ambako kuna ua kidogo wa kunizuia nisionekane tentini. Nikaangalia huo mkono, ndio ule ule, una alama ya kuungua juu ya kidole gumba, na kwa mara ya kwanza haukuwa umeshika sahani. Nikafunga kitambaa. Nikabonyeza. Kikajaa upepo, vuuuu, kikapungua, halafu ile mashine ikaongea! Sauti ya mwanamke wa Kizungu, kali kama mwalimu wa zamu, ikasoma namba: mia moja tisini na nane, kwa mia moja ishirini na moja. Ikaongeza kwamba iko juu sana.

"Ni nani huyo?" Mzee akauliza kutoka ndani.

"Ni mashine."

"Inasema nini?"

"Inasema… ngoja kidogo."

Namba za presha nilikuwa nimesoma kwa simu usiku uliopita, nilijua ya mtu mzima inatakiwa kuwa karibu mia na ishirini. Hii ilikuwa ya mtu anayetembea kwa bahati. Lakini nikajiambia, Moraa, wewe si muuguzi, pengine mashine ndiyo mbovu, pengine ndio maana imewekwa kando. Nijipime mimi, mtu mzima wa afya, nione itasema nini. Nikamwambia Mzee, "Usiondoe mkono hapo. Usisimame, usiguse moto. Nakuja sasa hivi." Nikajifunga kitambaa mkono wa kushoto, nikabonyeza, naona inachelewa, nikabonyeza tena kwa hasira. Vuuuu. Haijamaliza, nasikia deputi kwa spika: "Moraa! Karani Moraa, njoo hapa mbele haraka!"

Na viatu vya mtu vinakuja upande wangu.

Nikavuta mkono wa sweta juu ya kitambaa, mashine nikaisukuma kwapani, nikabana, nikatoka nimekakamaa kama mtu aliyeweka moto kwapani. Mashine ikasoma kitu huko ndani lakini sweta ilikuwa nzito, haikusikika. Nikadhani imemaliza. Nyabuto, hebu sikia kitu ambacho sikujua: ile mashine ukibonyeza mara mbili inapima mara tatu. Inapima, inapumzika, inapima, inapumzika. Kwa makini ya kisayansi.

Nikafika mbele. Sista ameshika boksi tupu. Madam anaangalia nyasi. Deputi ako na maikrofoni na amejaa furaha, hiyo furaha ya mtu ambaye ameambiwa kwamba alikuwa sawa tangu mwanzo. Akasema mashine ya hospitali imepotea, na hakuna mtu atatoka, mifuko yote itafunguliwa, "na tutaanza na hawa wafanyakazi wetu ambao tulilazimishwa kuwaleta, maana siku walimu walikuwa peke yao hakuna kitu kilikuwa kinapotea."

Mama wa kufagia akaangalia chini. Mlinzi akavua kofia na kuanza kutoa vitu mfukoni mwenyewe bila kuambiwa: funguo, kipande cha sabuni, karatasi ya dawa.

Kitu kikanipanda. Nilisahau kwapa langu, nilisahau kila kitu, niliona tu hiyo sabuni. Nikamnyang'anya deputi maikrofoni.

"Nani ni mwizi hapa?" nikapiga kelele, na spika ikalia mpaka wachuma chai upande ule mwingine wa barabara wakainua vichwa. "Hawa watu wamewapikia, wamewafagilia, wamewalinda, na leo ndio wezi? Mimi Moraa nasema mbele ya Mungu, hakuna mfanyakazi amechukua hiyo mashine! Na aliyechukua, Mungu anamuona! Mungu hatamuacha! Hata afiche wapi, itajisema yenyewe!"

Nyabuto, nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Vuuuuuuuu.

Mkono wangu ukaanza kuvimba. Mbele ya watu wote sweta ikainuka juu ya kiwiko kama andazi kwa mafuta, na kwa sababu huo ndio mkono nilikuwa nimekunja kushika maikrofoni kwa hasira, kwapa na maikrofoni vilikuwa jirani. Nikabana zaidi. Haisaidii. Vuuu ikaisha, ikaanza ile tik tik tik ya kupungua, na yule mwanamke wa Kizungu akatangazia Ikonge yote kwamba mimi ni mia moja sabini na nne kwa tisini na tisa, na niko juu sana, na nipumzike.

Kulipasuka. Sijawahi kusikia kicheko kama hicho na nisisikie tena. Wanafunzi walitoka madarasani. Yule mama wa ndizi niliyesema alikaa chini kabisa, kwa nyasi, na miguu mbele kama mtoto. Mwalimu wa Kemia alishika nguzo ya tenti, na tenti ikainama. Deputi hakucheka, alisema tu, "Kumbe," na hiyo kumbe iliniuma kuliko wote. Lakini mlinzi, na sabuni yake bado mkononi, aliniangalia vile mtu anaangalia mtu wake aliyemuuza.

Madam akanikaribia akasema kwa sauti ya chini, "Moraa, ulikuwa unajipima tu, sivyo? Ulikuwa unaona aibu kupanga laini." Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema ndiyo, watu wangecheka wiki moja, ningeandikiwa barua, imeisha. Na siri ya Mzee ingebaki siri, vile aliniomba.

Nikageuza macho jikoni. Pale nilikuwa nimesimama, ule ua haukunizuia tena. Kwa dirisha kulikuwa na mkono. Peke yake, umelala kwa mbao, kiganja juu. Nilikuwa nimemwambia asiuondoe, na alikuwa hajauondoa. Bado ananingoja.

Nikaenda kwa Sista na kumnong'oneza kwa Kikwetu, haraka haraka, kwamba huyo pale ni baba mkwe wake, kwamba mashine imesema mia moja tisini na nane, kwamba alikataa kuja kwa sababu yake, kwamba anashika ukuta. Nilinong'ona vizuri sana. Kila neno lilisikika, kwa sababu maikrofoni bado nilikuwa nimeishika.

Na kicheko kikakatika. Nyabuto, hapo ndipo nilijua watu wetu. Umati wote ule, na hakuna hata mmoja aliyecheka tena. Kila mtu alielewa namba, na kila mtu alielewa ile kitu nyingine pia, wazee wa kamati wakageuza nyuso kabisa wasiangalie huo mkono, na nikatamani ardhi inimeze na maikrofoni yake, maana nilikuwa nimemvua Mzee nguo mbele ya Nyamira nzima bila kumgusa.

Sista Kerubo akaweka lile boksi tupu chini. Kisha akatembea mpaka jikoni, kwa pembeni, na alipofika hatua tatu kutoka dirishani akageuka, akalipa dirisha mgongo.

"Moraa," akasema, "leo wewe ndiye mikono yangu. Mwambie mzee miguu yote iwe chini, asikunje."

Nikainama dirishani. "Mzee, Sista anasema miguu iwe chini."

"Mwambie nimesikia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwambie… mwambie sikumkataa."

Walikuwa hatua tatu, wanasikiana vizuri kabisa.

"Sista, Mzee anasema hakukukataa."

Yeye bado ametupa mgongo. "Mwambie najua. Mwambie angenitumia mtu, ningekuja na muuguzi mwingine, ama ningekaa hivi hivi. Sasa funga kitambaa juu ya ngozi, si juu ya sweta. Vidole viwili vipite. Hapo. Asiongee."

Tukapima. Mia moja tisini na sita. Sista akauliza maswali kama kumi, mimi nikibeba swali na kurudisha jibu: kichwa kinauma upande gani, macho yanaona giza, tangu lini. (Tangu mwaka uliopita! Moshi!) Akaamua aende hospitali Kisii saa hiyo hiyo, na gari la madam likaletwa mpaka mlango wa jikoni. Mzee akatoka na shati lake limefungwa mpaka shingoni, kofia kichwani, akaketi nyuma. Sista akaketi mbele akiangalia barabara. Na kabla ya mlango kufungwa Mzee alinipa mwiko wake. Mimi. Akasema, "Obokima isiungue."

Iliungua. Sitasema zaidi juu ya hiyo.

Alilazwa, akapewa dawa, akarudi baada ya wiki mbili, na daktari huko alisema angengoja kidogo tungekuwa tunaongea mengine. Mimi nilipewa barua ya onyo. Madam aliisoma kwa mdomo na ni mimi niliyeichapa, kwa sababu karani ni nani tena? Nilimrekebishia hata tarehe, nikajipelekea nikatia sahihi kwamba nimepokea. Mlinzi nilimuomba msamaha mara tatu kabla hajaitikia salamu yangu. Na Mzee nilimwangukia kabisa, nikamwambia nilikuaibisha, hiyo maikrofoni sitaisahau. Akainua mwiko wake, ko ko ko kwa dirisha, na mimi nimesimama hapo hapo mbele yake. "Karani," akasema, "sufuria."

Siku hizi ako kwao Marani, amestaafu, na Evans na mkewe wamemjengea jiko la nje ambalo Sista anaweza kusimama mbali na kumuuliza mtoto kama babu amekunywa dawa. Mpishi wa sasa ni mzuri, sina ubaya na yeye, anapikia gesi, na lile dirisha waliliziba wakaweka kaunta ya vigae. Lakini saa saba ikifika, na mimi nikiwa katikati ya barua, kuna wakati nasikia ko ko ko na nainuka kabisa kutoka kwa kiti kabla sijakumbuka.

Kwa hivyo nimeapa. Sitachukua kitu cha mtu bila kuuliza, hata kalamu. Sitashika maikrofoni nikiwa na hasira, na ikiwezekana sitashika maikrofoni. Na ile mia moja sabini na nne yangu haikuwa mashine mbovu. Sista alinipima tena mara tatu siku nyingine nikiwa nimetulia, ikakataa kushuka, na sasa na mimi niko na vidonge vyangu kwa droo, katika umri huu, pamoja na karatasi ya kunikumbusha nisipige kelele (nimeiangalia mara mbili tukiongea). Shule ilinunua mashine yake, inakaa hapa mezani kwangu. Mwalimu Onchari huja kila Ijumaa watu wakishaenda, anafunga mlango, anatoa mkono bila kusema kitu, na mimi simwambii mtu isipokuwa nyinyi.

Wewe Nyabuto umekaa hapa nusu saa ukiniita mwongo na hujaikunjia hii mashine mkono wa shati hata mara moja. Na wewe unayesoma hii ukicheka, usiangalie kando, nauliza wewe: yako ni ngapi?